Jumamosi ni Siku ya Mjukuu



Mwezi huu tumeombwa kuandika juu ya jambo ambalo nyumba nyingi hapa Nyarugusu zinalijua. Wajukuu wako ng'ambo, sisi wazee tuko hapa, na katikati kuna simu. Tunaandika sisi wawili, babu na bibi, kwa kalamu moja. Mambo ya mitambo hatukuyasomea. Tunachojua tumekipata Jumamosi baada ya Jumamosi, tukikaa kwenye vigoda nje ya nyumba, mbele ya simu iliyoegemezwa kwenye sufuria.

Safari yetu mnaijua kwa sababu ni yenu pia. Kambi ilifunguliwa mwaka 1996, wakati sisi watu wa Kivu ya Kusini tulipovuka Ziwa Tanganyika kukimbia vita. Watoto tuliowapakata ndani ya mtumbwi walikulia hapa, wakasoma hapa, wakaoana hapa. Halafu ikaja habari ya kuhamishiwa nchi ya tatu. Kijana wetu aliitwa na kesi yake, yeye na mke wake na mtoto wa kiume wa mwaka mmoja na nusu, wakapanda basi mwaka 2017. Leo wako mji wa Louisville, jimbo la Kentucky, Marekani. Kesi yetu sisi ilikuwa peke yake, ikabaki. Tukasubiri mahojiano, tukasubiri kupimwa afya, tukasubiri jina libandikwe kwenye ubao. Januari 2025 Marekani ikausimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na sisi tukarudi kulima bustani yetu ya lengalenga.

Huko Kentucky alizaliwa mwingine, msichana, mwaka 2020. Anaitwa kwa jina la bibi yake, kwa hiyo hao wawili ni wajina. Huyo hatujamshika hata kidole. Ndiyo maana hiyo simu kwetu si mchezo.

Zamani mambo yalikuwa mazito zaidi, tukumbuke. Miaka ile ya mwanzo mtu alikuwa anatafuta ndugu zake kwa ujumbe wa Msalaba Mwekundu, karatasi ya wazi isiyofungwa, habari za familia tu. Ukiandika leo, jibu unalipata ukiwa umeshasahau ulichouliza. Wengine walituma kaseti: familia inakaa pamoja, kila mtu anasema salamu zake, mtoto analia nyuma, jogoo anawika, na yote hayo yanasafiri mfukoni mwa mtu. Kisha WhatsApp ikaanza kupiga video mwishoni mwa mwaka 2016, na miezi michache baadaye kijana wetu akaondoka. Kwa hiyo mjukuu wetu mkubwa ametuona kwa kioo karibu maisha yake yote. Lakini kuonana kwa kioo ni kitu kimoja, na kujuana ni kitu kingine.

Mtoto mdogo hajui maana ya maneno "huyu ni baba wa baba yako". Ukimwambia hivyo anaangalia pembeni. Kwake mtu ni yule anayefanya kitu: mama ananyonyesha, baba anarusha juu, shangazi anasuka nywele. Sasa babu aliye ndani ya simu anafanya nini? Anauliza maswali. "Hujambo? Shule je? Unasoma vizuri? Unatii wazazi?" Mtoto anajibu neno moja, halafu anakimbia. Na sisi wazee tunasema, ah, watoto wa Marekani hawana adabu. Jamani, hata mtoto wa zoni ya pili ukimuuliza maswali manne mfululizo atakimbia.

Tuzungumze wazi kwanza juu ya pesa, kwa sababu hapo ndipo nyumba nyingi zinapoumia. Simu ya kambini ina jina huko ng'ambo. Ikiita, baba wa watoto anaitazama, halafu anamtazama mke wake, na wote wawili wanajua kwamba ni shida. Posho imepunguzwa, mtoto wa shangazi anaumwa, maji yanaingia ndani mvua ikinyesha. Ni kweli shida zipo, hatuigizi. Kila aliyesimama kwenye mstari wa unga na maharage miaka hii anajua alichotoka nacho. Na yule kijana anayefanya kazi usiku kwenye ghala la mizigo naye ana kodi ya nyumba, ana gari la mkopo, na analala mchana watoto wakipiga kelele. Hayo ni mazungumzo ya wakubwa na lazima yawepo. Lakini mtoto aliyekaa pembeni haelewi maneno, anaelewa sura. Anaona baba yake akikunja uso kila mara bibi anapotokea kwenye kioo. Mtoto anapiga hesabu zake mwenyewe.

Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, ana mjukuu wa miaka minne Australia. Siku moja simu ilifunguka, mtoto akamwona, akamwita mama yake kwa furaha kabisa: "Mama, ni koko wa pesa!" Koko, kama mnavyojua, ndivyo kwetu Kongo wajukuu wengi wanavyotuita. Watu wazima wa kule walicheka. Yule mama alicheka nao. Jioni alikuja kwetu, akakaa, akaomba maji, akayanywa, na muda mrefu hakusema kitu.

Basi nyumbani kwetu mpango ni huu. Siku ya shida ni Jumatano. Jumatano tunarekodi sauti, shida zote kwa kifupi, tunamtumia kijana wetu peke yake, asikilize wakati wa mapumziko kazini. Akiweza anajibu, asipoweza anasema hawezi, na hakuna mtoto anayeona uso wa mtu. Jumamosi ni siku ya mjukuu. Jumamosi pesa haitajwi, hata kama unga umeisha tangu Alhamisi, hata kama yeye mwenyewe ndiye anayeuliza. Mwaka huu ilitokea dawa ya presha ya babu imeisha, na kijana akasikia kwa watu wengine. Jumamosi simu ilipofunguka tu akaanza: "Baba, dawa ulipata?" Babu akamwambia: "Hiyo ni ya Jumatano. Leo nina mgeni." Yule msichana akaingiza kichwa mbele ya baba yake, akauliza: "Mgeni nani?" Akaambiwa: "Wewe."

Kuna watakaosema hiyo ni anasa. Bando ni ghali, kuchaji kwa mwenye sola ni pesa, na mtu mzima anakaa kumwonyesha mtoto kuku wakati ndani hakuna mafuta? Tumeyasikia hayo maneno, mengine kwa ndugu zetu kabisa. Sisi tunajibu kwamba bando la Jumamosi kuku mwenyewe ndiye anayelilipa, kwa mayai yake.

Huyo kuku inafaa tumweleze, maana kule Kentucky ana sifa kuliko sisi. Ni kuku wa kienyeji, wa madoadoa, mkorofi. Ilianza kwa kitendawili. Bibi alificha yai ndani ya kitenge, akasema: "Nyumba yangu haina mlango." Wajina wake hakujua kitendawili ni nini, wakati huo ana miaka minne. Bibi akalitoa yai polepole, akaligeuza mbele ya simu, halafu akamwonyesha kuku aliyelitaga. Mtoto akaomba yai lipasuliwe aone ndani. Bibi akakataa, akasema ndani kuna mtu, tusubiri. Wiki tatu mtoto aliuliza yule mtu ametoka au bado. Walipotoka walikuwa vifaranga tisa. Kila Jumamosi kazi yake ikawa kuvihesabu kwa Kiswahili, moja mpaka tisa, na vifaranga havikai kwa mpangilio, kwa hiyo anaanza upya mara tano, na sisi tunakimbiza simu nyuma ya kuku uani kama watu waliorukwa na akili.

Kisha mwewe akachukua wawili. Tukajadiliana usiku ule, tumwambie au tuokote vifaranga viwili vya jirani tuongezee? Tulimwambia. Alilia. Mama yake hakufurahi, akasema kwa nini mnamtia mtoto huzuni. Sisi tunaona mtoto wa ukoo wetu anaweza kumjua mwewe. Jumamosi iliyofuata alikuwa wa kwanza kwenye simu, kabla hata ya kupiga mswaki, kuhesabu kama saba bado wako saba. Ndiyo kusema alijua kutoa kabla ya kujua kujumlisha.

Kaka yake ana miaka kumi, na kumi ni umri mgumu. Yeye kuku hamtaki. Ana michezo yake ya simu, akiitwa anakuja nusu mwili. Kwa huyo babu alitafuta waya. Alianza kutengeneza gari la waya, yale tuliyokuwa tukiyaburuta sisi na watoto wetu, lakini kila Jumamosi anatengeneza sehemu moja tu: leo fremu, wiki ijayo usukani, wiki nyingine magurudumu. Hasemi sana. Anakunja waya, simu inaangalia mikono. Wiki ya tatu yule kijana akaleta waya wake mwenyewe, hanga ya nguo aliyoinyoosha. Gari lake limepinda kuliko la babu, na sasa wanabishana juu ya magurudumu, babu kwa Kiswahili, mjukuu kwa Kiingereza na Kiswahili cha kuokoteza, na wanaelewana.

Hiyo habari ya lugha inaumiza wengi. Mtoto anaondoka hapa akiongea kama kasuku, anaanza shule kule, miaka miwili baadaye anakujibu kwa Kiingereza. Kiingereza chetu sisi ni cha salamu tu. Tumeona kwamba neno linaloshikwa ni lile lenye kitu mkononi. Waya, koleo, yai, mwewe, haraka, shika, ngoja. Hayo wanayo. Kibembe kinaingia polepole kwa majina ya watu wa ukoo. Na tunawaomba wazazi walioko huko: msitafsiri haraka. Mwache mtoto ahangaike kidogo, atazame mkono wa bibi, akisie. Ukitafsiri kila neno, mtoto anakusikiliza wewe na sisi tunabaki picha.

Jambo jingine la kuwaomba wazazi ni utani. Kwetu babu humwita mjukuu wake wa kike "mke wangu", na bibi hugombana naye kama mke mwenza, na mjukuu wa kiume ni bwana mdogo wa bibi. Mtoto aliyezaliwa Marekani akisikia hivyo anashangaa, na mwalimu wake akisikia atashangaa zaidi. Mwelezeni mtoto kwamba ni mchezo wa mapenzi, na mumfundishe kujibu. Wajina wa bibi siku hizi anamwambia babu kwamba hamtaki kwa sababu hana meno. Sawa kabisa, ndivyo inavyotakiwa.

Kwa wale wenye vichanga: kuna chama cha madaktari wa watoto wa Marekani ambacho mwaka 2016 kilishauri kwamba mtoto chini ya miezi 18 asiwekwe mbele ya skrini, lakini kupiga video na ndugu wakakiruhusu. Tunalisema hili kwa sababu wakwe zenu huko wanaambiwa hospitali kwamba simu ni mbaya kwa mtoto, na wanadhani hata koko ni marufuku. Lakini kichanga hawezi peke yake. Lazima mtu mzima amshike na awe mikono yetu. Bibi akisema "nakukumbatia", mama amkumbatie. Babu akitekenya kioo kwa kidole, baba amtekenye tumboni wakati huohuo. Mtoto anaanza kuona kwamba yule wa kwenye simu anafika mpaka kwenye ngozi yake. Dakika tano zinatosha. Mtoto wa miaka mitatu akikaa dakika kumi, shukuru. Akienda kucheza, waambie waiache simu sakafuni, wewe tazama miguu yake tu inavyopita. Sisi tumetazama miguu Jumamosi nyingi, na tulifurahi.

Sasa saa. Louisville iko nyuma yetu kwa saa 7 kuanzia Machi mpaka mwanzo wa Novemba, na saa 8 miezi iliyobaki, kwa sababu wao hubadilisha saa zao na sisi hatubadilishi. Miji mingine ya Marekani iko nyuma zaidi, Australia iko mbele, kila familia iulize yake. Kwetu sisi saa kumi jioni ni saa tatu asubuhi kwao, watoto wameamka, na huku jua bado lipo. Jua ni muhimu. Ndani ya nyumba zetu mtu anaonekana kama kivuli, na mtoto anaogopa kivuli kinachoongea. Kaa nje, uso uelekee kwenye mwanga, jua lisiwe nyuma yako. Simu isishikwe na mkono wa mzee unaotetemeka, iegemezwe. Na usiilete puani, maana huko wanaona pua tu.

Bando nalo lina siri zake. Video inakula kadiri ya MB 5 kwa dakika, pengine zaidi, wakati kuongea kwa sauti tupu hakufiki hata MB 1. Kupokea nako kunakula, si kupiga tu. Kwenye mipangilio ya WhatsApp, upande wa hifadhi na data, kuna sehemu ya kutumia data kidogo wakati wa simu. Mwombe kijana yeyote wa mtaani akuwekee, ni kazi ya dakika moja. Mtandao ukichoka, picha inaganda. Mara ya kwanza ilipotokea, mjukuu alimwita mama yake: "Koko amevunjika!" Siku hizi picha ikiganda tunazima video tunabaki na sauti, na babu anawika kama jogoo mpaka mtandao urudi.

Hadithi za usiku haziwezekani moja kwa moja. Wao wakilala saa mbili usiku, huku ni saa tisa usiku. Bibi anazirekodi mchana akichambua sombe, dakika tatu, nne, anatuma. Sungura anafika Kentucky na sauti ya kisu na majani. Njia hiyo inawafaa pia ninyi ambao ni kinyume chetu, watoto mko nao hapa na bibi zao wamebaki Fizi au Uvira. Kule mtandao unapotea siku nyingi, na tangu vita vilipoongezeka mwaka 2025 hakuna anayejua lini simu itapatikana. Sauti iliyotumwa inangoja. Mtoto wako arekodi salamu leo, bibi atazisikia siku mtandao ukirudi.

Mwaka jana mzee mmoja wa kijiji chetu alifariki. Wajukuu wake watatu wako Norwe, hawakuwahi kukanyaga hapa. Tulidhani kilio chao kitakuwa cha heshima tu, kama mtu analilia jina. Siku ya mazishi kijana mmoja alishika simu juu ili waone. Yule mdogo kabisa, wa miaka saba, aliuliza nani sasa atamlisha mbuzi wa koko, akamtaja mbuzi kwa jina. Sisi tuliokuwa pale hatukujua kama yule mbuzi ana jina. Mjane alijibu kwamba atamlisha yeye, na Jumapili atamwonyesha. Mpaka leo anamwonyesha.

Kwetu, kuku wa madoadoa amelalia tena, mayai kumi na moja. Gari la waya limefika magurudumu ya nyuma. Kumbusho kwa familia zenye watu Marekani: Jumapili ya kwanza ya Novemba wanarudisha saa zao nyuma, kwa hiyo Jumamosi inayofuata sisi tutakaa nje saa kumi na moja, si saa kumi. Aliye jirani na hana simu ya tachi aje na namba ya watu wake, tumalizapo zamu yetu kuna kigoda.